Simu Aliyoipokea Kamanda

Tangu binti aanze mafunzo katika ule mkahawa wa vitambaa vyeupe, nyumba yao ndogo iligeuka chuo. Jioni bibi yake, aliyemlea tangu hajaota meno, aliketishwa mezani awe mgeni, naye binti akaja na trei ya glasi za maji, mkono mmoja mgongoni, amenyooka kama aliyemeza mwiko.

"Mhudumu!" bibi aliita kwa madaha. "Mbona chai yangu imechelewa? Au mpaka nimwite mwenye mkahawa?"

"Samahani sana, mama mheshimiwa."

"Na hivi vijiko vyote vya nini? Mnataka nichimbe mtaro?"

Walicheka mpaka bibi akashikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi kibaya, kikavu, kilichokataa kuondoka, lakini mwenyewe alikipuuza. "Kinanisindikiza tu, mke mwenza," alisema. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kwa utani kwamba marehemu babu aliwaoa wote wawili na akampenda zaidi mdogo.

Kazini hakukuwa na utani. Msimamizi wa ukumbi, ambaye wahudumu walimwita Kamanda akiwa hayupo, aliwakagua kucha na viatu kabla mlango haujafunguliwa. Aliinua glasi moja moja kwenye mwanga, na iliyokutwa na alama ya kidole ilirudi kuoshwa. Simu za mkononi zilifungiwa kabatini. "Mgeni hakuja kutazama shida zako," alikuwa akisema. Binti alimwogopa, lakini alimpenda pia, jinsi mwanafunzi anavyompenda mwalimu anayeuona uwezo wake. Siku alipomwaga supu juu ya kitambaa, Kamanda hakumfokea. Alikuja akasimama kando yake, akafunika lile doa kwa kitambaa kisafi, akamnong'oneza, "Pumua kwanza. Supu imeshamwagika, haina haraka tena."

Jumapili moja bibi aliamka na homa. Binti alitaka asiende kazini.

"Ukae hapa unitazame kama picha?" bibi alisema. "Nenda mama, wageni wanakungoja. Shangazi yako atakuja."

Shangazi, mtoto wa kike wa pekee wa bibi, alifika na kukaa kitandani kwa mama yake. Binti akamwandikia namba ya simu ya mkahawa, akaondoka moyo ukiwa mzito.

Siku hiyo ukumbi ulikuwa umechukuliwa na familia moja. Mzee na mkewe walikuwa wakisherehekea miaka hamsini ya ndoa, na watoto na wajukuu walikuwa wamewazunguka. Kamanda alimpa binti meza kuu, ambayo mwanafunzi hakuwahi kupewa. Na binti akaiweza. Sahani zilikuja na kuondoka bila kelele. Yule bikizee alimshika mkono, akamuuliza, "Nani amekufunza adabu hii?" Binti akajibu, "Bibi yangu." Keki ilipokatwa, alipiga makofi pamoja na wenye sherehe, akacheka nao kwa dhati.

Wageni walipokwisha kuondoka, Kamanda alimwita pembeni, karibu na chumba cha vitambaa.

"Kuna simu kutoka kwenu," alisema, macho yake yakiwa kwenye viatu. "Bibi hali yake si nzuri. Nenda, gari linakusubiri nje."

Binti alifika nyumbani na sare yake. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Hakuhitaji kuambiwa.

"Tulikupigia mapema, mwanangu, saa sita mchana," shangazi alisema huku akimkumbatia. "Aliyepokea alisema anakuita. Tukasubiri, tukapiga tena, tukasubiri. Mama alikuwa bado ana kauli. Kila mlango ukilia anauliza, 'Mke mwenza ndiye huyo?' Mwisho akasema, 'Mwambieni asikimbie. Atavunja vyombo vya watu.'"

Binti alisimama kama nguzo. Alikuwa akihesabu kichwani: wakati ule supu ilikuwa bado jikoni. Angefika. Angefika na muda wa kumchekesha.

Baada ya mazishi alirudi mkahawani, akamkuta Kamanda peke yake akipanga glasi.

"Simu ilikuja saa ngapi?"

Kamanda hakudanganya. "Wageni walikuwa wanaketi. Nilisema nitakwambia baada ya supu. Kisha nikasema baada ya keki. Ulikuwa unang'ara, binti yangu. Sikujua kama ni ugonjwa wa kufa."

"Shangazi hakukwambia?"

"Aliniambia." Aliweka glasi mezani. "Baba yangu alipofariki nilikuwa na trei mkononi. Niliambiwa wageni walipomaliza kula. Nikaona ndivyo kazi ilivyo."

"Na hukuumia?"

Kamanda alichukua glasi iliyokuwa safi tayari, akaanza kuifuta.

Binti aliomba chuo kilichompeleka pale kimhamishe. Akamaliza mafunzo yake katika mkahawa mdogo, akafaulu, wala hakufurahi sana. Nyumbani, ambako sasa aliishi na shangazi, hakusema ni nani aliyeipokea ile simu. Aliona aibu, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Mchana mmoja, Kamanda alibisha hodi, akasema ametoka mkahawani. Bila koti lake jeusi alionekana mdogo, kama nguo iliyopungua baada ya kufuliwa.

"Kumbe wewe ndiye mwalimu wa mtoto wetu?" shangazi alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu baba, karibu ndani. Mungu akulipe kwa kumlea."

Binti alileta chai bila kumtazama. Kamanda alikishika kikombe, akakirudisha mezani.

"Dada," alisema, "ile simu niliipokea mimi. Sikumwita."

Kiti kilicho chini ya mgeni kililia.

"Nilikwambia mama anamuulizia. Ulinisikia vizuri?"

"Nilikusikia."

"Haya." Shangazi alikitazama kikombe. "Kunywa chai yako, baba. Itapoa."

Hakusema amemsamehe, wala hakumfukuza. Kamanda aliinywa chai yote, kwa mafunda makubwa, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Kisha akaaga, na hakuna aliyemsindikiza.

Shangazi alimfuata binti jikoni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Siku zote hizi ukaubeba mzigo huu peke yako?"

Shangazi akamvuta, akakilaza kichwa chake begani, na hapo ndipo mtoto alipolia. Makaburini hakulia vile.