Tangi la Chini

Mwaka ambao mvua ilisahau njia ya Dodoma, Bwana Mpima alihamishia kambi yake Mkonze. Alikuwa Mwingereza wa kupima ardhi, na alitembea na nyumba ya magurudumu iliyovutwa na Landrova, ina kitanda, jiko na beseni la kuogea, na mkewe humo ndani ametulia utadhani yuko kwao Ulaya. Nyumba hiyo ilikuwa na matangi mawili. La juu lilikuwa la maji safi, na ufunguo wake alikuwa nao Abbasi, mpishi. La chini lilining'inia chini ya sakafu, likipokea maji ya kila kilichooshwa humo: vyombo, miili, na nguo za ndani za bibi. Hilo lilikuwa la Yotham, kibarua.

Kila siku Yotham aliingia uvunguni, akafungua koki, akakinga maji machafu kwa debe na kwenda kuyamwaga shimoni, mbali na kambi. Akachokonoa chujio na kutoa nywele na mafuta yaliyogandamana. Akasugua tangi kwa brashi na magadi, akalisuuza. Kazi yenyewe aliiweza sana. Kuitaja ndiko kulikomshinda, maana kwao maji aliyoogea mke wa mtu hayazungumzwi, sembuse kushikwa. Kwa hiyo alipokwenda kuposa alisema anatunza tangi la maji la Mzungu. Ukipenda kumtetea, sema hakudanganya. Mimi nasema alijua anachofanya.

Mama Raheli, mama wa binti aliyeposwa, aliposikia neno maji, alimtoa binti yake bila kusumbua. Tangu hapo akawa anatamba kisimani kwao Mkonze kwamba mkwe wake ndiye mwenye tangi. Kambi ilikuwa mbali miaka yote hiyo, Chamwino na kwingineko, na hakuna aliyekwenda kuangalia.

Sasa kisima cha Mkonze kilibaki tope. Mchana mmoja Yotham alikuwa uvunguni akimalizia kusuuza. Bwana yuko porini anapima, bibi amelala, Abbasi ameondoka na ufunguo wake kwenda kutafuta maji stesheni. Yotham akaona miguu ya mwanamke ikija na kusimama, akaitambua. Ilikuwa ya mama mkwe.

Kwa mila wakwe hao hawakutazamana usoni, wala hawakutaja mambo ya mwili, mmoja mbele ya mwenzake. Neno gumu lilipitia kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwepo. Mama akampa mgongo, akaweka kibuyu chini, akasema kama anayeongea peke yake:

"Anayetunza tangi, kama yupo, Emilia wake ameamka na kiu. Sikuja kuomba mengi."

Emilia alikuwa binti yake Yotham, akilelewa kwa bibi yake huyo. Yotham alitafuta namna ya kusema haya ni maji ya kuogea, mbele ya mama aliyemzaa mkewe, asiipate. Koki ilikuwa ikidondosha maji ya suuza, hayana povu, hayana rangi. Akajiambia yanaonekana safi. Mkono wake ukatoka uvunguni, ukavuta kibuyu, ukakijaza, ukakirudisha.

"Mungu akuzidishie, baba," mama akasema bila kugeuka. Akajitwika, akaondoka.

Yotham alibaki chali akilitazama tangi. Akamwona mawazoni Emilia anavyokunywa, kwa mikono miwili, bila kupumua. Akatoka mbio, akamfikia mama njiani, akasimama nyuma yake.

"Mama, yamwage."

"Nimwage maji?"

"Si ya kunywa. Wanaogea, yanashuka kwenye tangi hilo, mimi nalisafisha. Ndiyo kazi yangu. Hata siku ya posa ndiyo ilikuwa kazi yangu."

Mama akashusha kibuyu, akakiinamisha. Ardhi ikayanywa yote. Kisha akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, na Yotham akatamani ardhi hiyo immeze na yeye.

"Kazi si neno," alisema mama. "Lakini nilikutajia mtoto, na bado ukanijazia." Akampa kibuyu. "Kioshe. Si ndiyo kazi yako?"

Alikisugua kwa mchanga, akakisugua kwa magadi, akakifukiza kwa makaa. Kibuyu kikinywa harufu hakiitapiki. Asubuhi alipanga foleni na wanawake kwenye bomba la stesheni, wakamcheka, akakijaza, akajitwika mpaka Mkonze. Alikiweka mlangoni kwa mama mkwe, akaenda kuchuchumaa nyuma ya nyumba kama mkwe anavyopaswa. Akasikia maji yakimiminwa.

"Bibi, yananuka sabuni," Emilia alisema.

"Ndivyo anavyonuka baba yako," mama akajibu, kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba. "Kunywa, mjukuu wangu. Ya leo ni safi."

Mtoto akanywa. Yotham alisikia kila funda. Akajifunika uso kwa mikono, na mikono nayo ilikuwa inanuka.