Boti Haifuatwi kwa Miguu

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, tunamwita Kapteni, na jina hilo amejipa mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Wiki nzima nashona sare za watu, na Jumamosi asubuhi naenda bwawani kuendesha boti yangu ya rimoti. Saa ile ni yangu, na anayetaka kuninyang'anya ajiandae kwa ugomvi.

Kapteni nusura aninyang'anye. Boti yake ilipokwama siku moja, aliifuata majini na suruali yake, matope yakamnasa miguu, ikabidi msimamizi wa bwawa amvute kwa kamba. Msimamizi akatuambia wazi kwamba mtu mwingine akiingia majini kufuata boti, mchezo unafungwa kwa wote.

Jumamosi iliyofuata msimamizi alikuja kusimama nasi ukingoni, mikono nyuma.

"Washa rimoti kwanza, ndipo uwashe boti," nikamwambia Kapteni. "Na kule kwenye magugu usipite."

"Shemeji, wewe kashone. Haya mambo nayajua."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alikwenda kulekule, apige kona ya kutamba mbele ya msimamizi, na propela ikazoa magugu. Boti ikasimama katikati ya bwawa. Kapteni akazima rimoti kwa hasira, akaanza kuvua viatu.

"Ukigusa maji utanijua mimi ni nani," nikamfokea. "Na hiyo rimoti iwashe."

"Boti imekwama, rimoti ya nini?"

"Betri ya boti bado inafanya kazi. Ikikosa amri, propela inaweza kuzunguka ghafla ikatukata vidole tukiitoa. Washa, acha kijiti cha kuongozea katikati, usikiguse."

Akawasha, amenuna. Msimamizi alikuwa ameshatoa funguo za geti. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini hofu haivuti boti.

Nikachukua uzi wangu imara wa kushonea mabegi, niliokuwa nimeufunga vipande vya sponji ili uelee usiingie kwenye propela. Ncha moja nikaifunga juu ya boti yangu, nyingine nikampa Kapteni aishike. Nikaipeleka boti polepole, mbali na magugu, ikaizunguka ile iliyokwama, ikarudi ukingoni bila kusimama. Sasa boti ya Kapteni ilikuwa ndani ya kitanzi.

"Vuta taratibu," nikasema. "Si ng'ombe huyo."

Tukavuta, kila mmoja upande wake. Magugu yakaachia, boti ikaja yenyewe kama mtoto aliyeitwa chakula. Kapteni akazima boti kwanza, halafu rimoti, bila kuambiwa, na hakuna kiatu kilicholowa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilicheka kwa sauti hadi machozi yakanitoka, kwa maana bwawa letu lilikuwa limepona.

Msimamizi akarudisha funguo mfukoni.

"Endeleeni," akasema. "Ila kuanzia leo hakuna boti inayoingia majini kabla mama huyu hajaikagua."

"Hata yangu?" Kapteni akauliza.

"Hasa yako."

Kapteni akang'oa magugu yote kwenye propela, akaifuta boti kwa shati lake, akaja kusimama mbele yangu ameikumbatia.

"Shemeji, naomba ruhusa."

Nilimwacha asubiri kidogo, kwa raha zangu.