Mluzi wa Kuitia Mbuzi

Mara mbili mjomba alimwangusha mpwa wake wa kike kwenye mtihani wa kuongoza watalii, na mara zote mbili kwa maneno yale yale: "Mluzi wako huo ni wa kuitia mbuzi." Na mjomba mwenyewe, msimamizi wa waongozaji wa hifadhi ile ya kinamasi, ndiye aliyemfundisha. Hebu fikiria uchungu wake! Leo ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akishindwa, atarudi getini kukata tiketi hadi azeeke.

Afadhali mjomba alikuwa na wageni wake upande wa pili wa kinamasi. Mtahini alikuwa mkuu wa hifadhi, mama asiyecheka hata umtekenye. Nyuma yake walifuata wageni watano, darubini shingoni, wakinyata juu ya njia ya mbao kama wanaopita chumba cha mtoto aliyelala.

Wote walimtaka ndege mmoja tu, yule mdogo wa matete ambaye waongozaji humwita Bi Harusi, maana kumwona uso si kazi ndogo. Hatoki mpaka aitwe kwa mluzi wa sauti yake.

Dada wa watu akajikaza kisabuni. Akapiga: fii-fii-fiuuu.

Kimya. Mkuu akaandika kitu daftarini. Anaandika nini sasa, jamani, na hata hatujaanza?

Akapiga tena. Mara, kule ndani ya matete: fii-fii-fiuuu!

Wageni wakashikana mikono. Akapiga, akajibiwa. Akasogea, na sauti nayo ikasogea. Robo saa nzima wakaitana hivyo.

"Dume hilo," akawanong'oneza wageni, kichwa kimeshavimba. "Tena limependa."

Pale njia mbili za mbao zinapokutana, matete yakatikisika. Darubini zote juu! Ikatokea kofia. Chini ya kofia alikuwa mjomba, midomo bado kaichongoa, akiwanong'oneza wageni wake, "Tulieni, ni jike, liko hatua mbili tu..."

Akamwona mpwa wake. Loo!

Mgeni mmoja akaangua kicheko, na wengine wote wakadakia. Mpwa, machozi yalimlenga. Ndege hakuna, mtihani wa tatu umekwenda na maji, na aibu hii ataificha wapi?

Mkuu wa hifadhi hakucheka. Alimgeukia mjomba. "Mzee, si wewe unayejisifu kwamba miaka thelathini hajatokea mtu wa kukudanganya kwa mluzi?"

"Hajatokea," mjomba akajibu haraka, kisha akasikia alichokisema.

Mkuu akamsogezea daftari na kalamu. "Basi weka sahihi hapo kwamba amefaulu."

Mjomba akaweka, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mjomba," mpwa akasema, akipangusa macho. "Ulisema kweli, mluzi wangu ni wa kuitia mbuzi. Nimeita, na amekuja."

Ikabidi wageni wawili wamshike mkuu wa hifadhi, kwa jinsi alivyocheka, asije akatumbukia majini.