Fundo la Shuka

Tak.

Sauti ndogo tu, kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa gizani. Lakini Wubit aliijua. Humo ndani hapakuwa na kitu kingine kilicholia hivyo isipokuwa kifuniko cha chupa ya dawa, vile vifuniko unavyobonyeza kwanza ndipo uzungushe, ili mtoto asiweze kufungua. Na mtoto mwenyewe, Mitiku, alikuwa amelala kifuani pake, akihema mbiombio kama kifaranga.

"Mama," aliita polepole, "unafungua nini?"

Nyuma ya pazia mama mkwe wake, Askale, alikohoa. "Naomba, mwanangu."

"Nimesikia kifuniko."

"Siku hizi maombi nayo yana kifuniko? Lala, hata jogoo bado."

Hakulala. Kulipopambazuka aliitoa chupa ya dawa kabatini, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Vidonge vilikuwamo. Lakini ni vilevile? Alikitoa kimoja akakinusa, akakiramba kwa ncha ya ulimi, na hakujua alikuwa akitafuta ladha gani. Askale alikuwa mlangoni, amejitanda shuka lake jeupe, anakwenda kanisani kwa saumu ya kabla ya Pasaka. Kwenye ncha ya shuka palikuwa na fundo dogo, kiasi cha karanga. Jana lilikuwapo pia. Siku zote Wubit alidhani ni sarafu za sadaka. Leo hakuwaza sadaka.

Mitiku alizaliwa na tundu kwenye ukuta wa moyo. Alipokuwa ananyonya, jasho lilimtoka pajini pa uso kama mtu anayelima. Jina lake maana yake ni aliyekuja badala, kwa sababu alimfuata dada yake aliyezikwa kabla ya kubatizwa, na Wubit alikuwa ameapa kwamba huyu hana wa kuja badala yake. Baba yake, Demissie, alikuwa mbali akichomelea vyuma vya daraja. Ukimpigia simu umweleze habari za mama yake, jibu lake lilikuwa moja: "Mama ni mama, Wubit."

Asubuhi ile hospitalini daktari alimbonyeza Mitiku muundini, mbele ya mguu, kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Haya maji yanatoka wapi?" daktari aliuliza. "Dawa unampa?"

"Kwa mkono wangu."

"Chumvi?"

"Daktari, mchuzi wa nyumbani kwangu hata ng'ombe angeukataa."

Daktari hakucheka. "Wapasuaji wanakuja baada ya Pasaka. Akiwa amevimba hivi hawatamgusa, nafasi itakwenda kwa mtoto anayefuata. Kuna kitu kinaingia mwilini mwake. Kitafute."

Kuna kitu kinaingia. Maneno hayo yalimsindikiza Wubit hadi uani, ambako jirani yake Alganesh alikuwa akioka injera, moshi umemtoa machozi.

"Bado amevimba?" Alganesh aliuliza, huku jicho lake likielekea mlango wa Askale. "Huyo mkweo, kila alfajiri kanisani, kila alfajiri fundo. Mimi sisemi kitu. Ila wapo wanaomwaga dawa ya hospitali wakaweka maji ya baraka. Mtoto wa yule fundi cherehani aliondoka hivyohivyo."

"Alganesh, usinitilie maneno."

"Mimi? Mimi natia pilipili tu, mpishi ni wewe."

Mitiku alikuwa amekaa kwenye ngazi akipumzika. Alizipanda ngazi zile kwa vituo kama mzee. Wubit alichutama mbele yake.

"Baba, nikienda shule jioni, bibi anakupa nini?"

Mtoto alitazama viatu vyake. "Baraka."

Wubit alimwinua kidevu. "Baraka gani?"

"Baraka tu. Kasema nisikwambie, utakuja juu."

Jioni alichukua mkoba wa madaftari ya shule ya watu wazima kama kawaida, akaaga, akafika kwenye kona ya duka, akageuka. Somo la siku hiyo lilikuwa la mzunguko wa damu, tena alikuwa amelingoja kwa hamu. Lilikwenda bila yeye. Alisimama nyuma ya mlango wake mwenyewe kama mwizi, jicho kwenye ufa.

Ubani ulikuwa unafuka. Askale alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni, na birika la udongo lilikuwa juu ya makaa. Mitiku alikaa karibu naye, magoti yamegusana na magoti ya bibi, anangoja. Bibi alimimina kwenye vikombe viwili. Kisha akaishika ncha ya shuka lake, akalifungua fundo kwa meno, akachota kitu cheupe kwa vidole viwili, akakitia kwenye kikombe cha mtoto.

Wubit aliupiga mlango kwa bega.

"Umemtilia nini mwanangu?"

Alikinyakua kikombe, kahawa ikamuunguza vidole. Alikunywa yote kwa mkupuo mmoja. Kama ni sumu, basi na impate yeye.

Ilikuwa chumvi.

"Chumvi," alisema, kama mtu aliyesahau neno hilo.

"Sasa ulitaka iwe nini?" Askale alijibu, mkono kifuani. "Umenitoa roho!"

"Nilimwaga chumvi yote ya nyumba hii!"

"Nikanunua yangu, nikaiweka kwenye chupa tupu ya dawa ya huyu mtoto, usiione. Kila alfajiri natoa ya siku."

"Nilikwambia asile chumvi!"

"Ulisema chumvi ya chakula! Mchuzi wako nimeula kama maji ya mvua, umenisikia nikinung'unika? Kahawa ni chakula? Kwetu kahawa bila chumvi ni maji ya kuoshea kikombe." Sauti yake ikashuka. "Na hiki ni kikombe cha tatu, Wubit. Umesahau kinavyoitwa? Ndicho baraka. Anayeinuka bila kukinywa kaondoka mikono mitupu. Watoto wa watu wanakimbia nje, huyu amekaa hapa na mimi mzee. Nimnyime na baraka?"

Wubit aliushika mguu wa Mitiku, akakichukua kidole gumba cha mama mkwe wake, kigumu kwa miaka ya kupepeta nafaka, akakikandamiza kwenye muundi. Kilipoondolewa, shimo likabaki pale, wote watatu wakilitazama.

"Chumvi inayashika maji, Mama. Moyo wake una tundu, hauwezi kuyasukuma."

Askale alikilaza kiganja juu ya lile shimo, kana kwamba angeweza kulifukia. Kisha akaenda nyuma ya pazia. Tak. Akatoka na chupa, akapita katikati yao, akaimwaga uani.

Fundo la shuka lilifunguliwa papo hapo. La moyoni halifunguliwi kwa meno. Wubit aliendelea kuamka gizani na kutega sikio. Shuka likianikwa, alizipapasa ncha zake zote nne kabla ya kulikunja. Kila asubuhi alibonyeza muundi wa Mitiku, na kila asubuhi shimo lilikuwa na kina kidogo kuliko la jana, lakini hata hilo hakuliamini. Pengine, alijisemea, ni vidole vyangu vimechoka.

Jumapili ya Matawi ilifika. Watoto walivaa pete za makuti, Mitiku naye akavaa yake, na kesho yake daktari alikuwa anawangoja. Jioni hiyo Wubit alikwenda mbio kwa jirani kurudisha ungo, na aliporudi akasikia vikombe vikigongana ndani. Mguu wake ukasimama wenyewe kizingitini.

"Kunywa, mjukuu wangu," Askale alisema.

Mfyonzo mdogo, kikombe kikawekwa chini, na sauti ya mtoto ikapanda kwa manung'uniko:

"Bibi, hii baraka haina chumvi."