Suruali za Bonge

Fundi cherehani alipopungua mwili, mdomo wake ndio ulionenepa. Daktari alimwambia sukari inapanda, naye akashika adabu: akakimbia kila asubuhi, akala majani kama mbuzi, na baada ya mwaka akawa mwepesi wa miguu na mzito wa nasaha. Mteja hakuweza kupimwa kifua bila kuhubiriwa habari za mafuta. Walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri. Fundi mwingine angeshafunga duka.

Aliyemnyima raha hasa ni kaka yake mkubwa, mpiga chapa, mtu mwenye mwili na kicheko kikubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge. Kisukari ndicho kilichomchukua mama yao. Fundi alimpenda kaka yake, na alihofia maisha yake kwelikweli, lakini ulimi hauna mfupa, na mapenzi yake yalitoka kinywani yakiwa matusi. Siku wakwe walipokuja kwa Bonge, Fundi alimwondolea kaka yake sahani mbele yao.

"Hilo tumbo litakuua kabla sijakushonea suti ya harusi ya binti yako," alisema.

Bonge alinawa mikono, akatazama chini. Mkewe ndiye aliyesema, kwa upole, kwamba mkubwa haambiwi hivyo mbele za watu. Fundi akaona amedharauliwa, akaapa hatakanyaga tena nyumba inayopika sumu. Na hakukanyaga, miezi minane mizima. Bonge alipopiga simu, haikupokelewa.

Kisha Bonge akaja dukani mwenyewe, ameishikilia suruali kwa mkono isiporomoke.

"Nipunguzie kiuno, mdogo wangu. Halafu tuzungumze kidogo."

Fundi alimzungushia futi, akasoma, akasoma tena. Inchi arobaini na moja, kutoka arobaini na nne. Alimkumbatia hapo hapo, machozi yakamtoka.

"Umesikia, kaka. Mwishowe umesikia."

"Nimesikia," alisema Bonge, akacheka kidogo. Mazungumzo aliyoyataka hakuyagusia tena.

Basi ugomvi ukaisha. Kila Jumapili Fundi akawa anakwenda kwa kaka yake, wakikaa kibarazani na kusimuliana vituko vya utotoni. Chakula kilipoletwa Bonge alidonoa tu, naye Fundi akamsifu kwa kujizuia. Suruali zikaja moja baada ya nyingine. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Fundi alimsimamisha mbele ya wateja, akamgeuza huku na huku.

"Mtazameni huyu. Si mlisema haiwezekani?"

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kuchukua sketi yake, alimtazama Bonge usoni badala ya kiunoni, akamuuliza kama anaumwa. Fundi akadakia kwamba watu wamezoea kudhani kitambi ndiyo afya. Bonge akaitikia kwa kichwa, akaomba kiti.

Suruali ya thelathini na tatu ililetwa na mke wa Bonge. Aliiweka juu ya meza ya kukatia, hakukaa.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amelala. Shemeji, nina ombi moja tu. Usimsifu tena."

Hapo ndipo alipoambiwa. Ilikuwa saratani ya tumbo, na madaktari walishasema imesambaa, haina dawa. Bonge alijua tangu kabla ya kuleta ile suruali ya kwanza, na alimkataza kila mtu asimwambie mdogo wake.

Fundi aliacha duka wazi, akaenda mbiombio, futi ingali shingoni. Alimkuta kaka yake kitandani, amegeukia ukutani. Mikono iliyozoea kubeba marobota ya karatasi ilikuwa imebaki ngozi na mifupa, na yeye, ambaye kupima watu ndiyo kazi yake, hakuwa ameiona. Aliushika mmoja.

"Mbona hukuniambia, kaka?"

Bonge aligeuka taratibu, akamtazama.

"Nilikuja dukani kukuambia. Siku ile ile ya kwanza. Ukanikumbatia."

"Ningekukumbatia tu, hata ungeniambia."

"Miezi minane hukuwa umekuja kwangu." Akapumzika kidogo, akameza mate kwa shida. "Nikajua nikikuambia ni ugonjwa, utasema ulinionya. Utasema ni ule ubishi wangu, ni vile vyakula. Na mimi siku zenyewe ndizo hizo zilizobaki. Nilitaka uwe unakuja tu, tucheke."

Fundi alifungua kinywa aseme asingesema hivyo. Akakifunga, kwa sababu angesema. Angeyasema yote, tena mbele ya watoto. Akaketi sakafuni kando ya kitanda, akalia bila kuuficha uso, na Bonge akaanza kumbembeleza kama alivyombembeleza siku walipomzika mama.