Ishirini ya Kushuka, Ishirini ya Kupanda

Uvumi ulimkuta mama fundi akitunga uzi sindanoni: kile kitambaa kipya cha sare, kikifuliwa mara ya kwanza, urefu unapungua asilimia ishirini. Akajaribu kuupuuza, ukamganda kama kupe. Binti yake alikuwa anaanza chuo cha uuguzi wiki ile, na kule, mwenye gauni juu ya goti alirudishwa langoni. Kitambaa chenyewe kilitosha gauni moja tu.

Akakata ukanda mwembamba wa pembeni, urefu sentimita hamsini, akaufua, akauanika. Ulipokauka, arobaini. Kumi zimekwenda, na kumi katika hamsini ni ishirini katika mia. Lisemwalo lipo.

"Dawa ninayo," akasema. "Nataka gauni la sentimita mia na ishirini likishafuliwa. Asilimia ishirini yake ni ishirini na nne. Nakata mia na arobaini na nne." Akashika mkasi.

"Ngoja kwanza, mama," binti akasema. "Huo ukanda wako wa arobaini, uongezee asilimia ishirini."

"Ni nane. Arobaini na nane."

"Ulianza na ngapi?"

Mama akautazama ukanda. "Hamsini. Mbili kala nani?"

"Hakuna aliyekula. Kitambaa kinapungua kwa hesabu ya urefu wa kabla ya kufuliwa. Wewe unaongeza kwa hesabu ya urefu wa baada."

"Mwanangu, darasa langu la saba halikufika huko."

"Lilifika, ila lilipita mbio. Katika kila mia zinabaki themanini. Hiyo mia na ishirini ndiyo themanini yenyewe. Gawa kwa themanini, zidisha kwa mia."

Mama akapiga hesabu kwa chaki mezani. Mia na hamsini. Akairudia kinyumenyume: asilimia ishirini ya mia na hamsini ni thelathini, toa, mia na ishirini kamili. Ile yake ingeacha mia na kumi na tano na ushee.

"Goti lingechungulia," akasema.

"Na mlinzi wa langoni angelisalimia hilo goti."

Wakacheka. Akafuta chaki, akakata, akafua, akashona. Binti alipolivaa gauni, mama alipima mara tatu, na mara zote ikaja mia na ishirini, chini ya goti.

Nanyi wazazi wenzake, epukeni haya:
- Kuamini uvumi kabla ya kupima. Kuudharau kabla ya kupima pia.
- Kutaja asilimia bila kusema ni ya kipimo kipi.
- Kutafuta asilimia kwa kugawa badiliko kwa kipimo cha mwisho. Gawa kwa cha mwanzo.
- Kudhani kilichoshuka asilimia ishirini kitarudi kwa asilimia ishirini.
- Kukata kabla ya kuirudia hesabu kinyumenyume.