Mama wa Ukurasa wa Kwanza

Kitabu kilikuwa kimefunguka mikononi mwake, naye hafungui ukurasa wa pili. Watu walimpita kushoto na kulia, theluji ya Machi ikiwayeyukia mabegani, na ukumbi mzima ulinuka makoti mabichi na ule moshi wa makaa ambao kule Leipzig, Ujerumani Mashariki, ulikuwa haumtoki mtu hata akioga. Yeye alisimama tu mbele ya rafu yetu, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka dirisha la juu na hajui ni dirisha lipi.

Tulimfahamu kwa sura. Kila mwaka, maonyesho ya vitabu yalipofunguliwa, alikuja kwenye mabanda yetu sisi wachapishaji wa Ujerumani Magharibi, akachukua riwaya mpya moja baada ya nyingine, zile zilizoandikwa na wanawake tu, akasoma ukurasa wa kwanza, akarudisha kitabu mahali pake na kwenda banda linalofuata. Hakuomba hata mfuko wa plastiki wenye jina la kampuni, kitu ambacho wenzake walikigombea. Dokta Vollrath, mkuu wetu, ndiye aliyempa jina: Mama wa Ukurasa wa Kwanza.

"Huyo ndiye mhakiki mkali kuliko wote katika Ujerumani zote mbili," aliniambia. "Ukurasa mmoja tu, hukumu imeshatoka."

Mimi nilikuwa mhariri mpya, nimekuja kutoka Frankfurt na viatu visivyofaa kusimama. Nilikulia katika nyumba yenye vitabu mpaka chooni, na nilidhani najua kusoma ni nini. Leipzig ilinivua kiburi hicho asubuhi ya kwanza. Milango ilipofunguliwa watu waliingia mbio, watu wazima, madereva wa tramu na madaktari wa meno, wakachukua vitabu ambavyo serikali ya upande wao haikuruhusu viuzwe, wakakaa sakafuni wakasoma. Walisoma kama mtu anayekula huku akijua sahani itaondolewa. Nikaona wawili wasiofahamiana wameshika kitabu kimoja, mwenye macho mepesi akimngoja mwenzake chini ya kila ukurasa. Kwetu tulikuwa tunawabembeleza watu wasome. Hapa nilitamani kuvua kofia, na sikuwa na kofia.

Vitabu vingine viliondoka, bila shaka. "Ukiona kitabu kinaingia ndani ya koti," Dokta Vollrath alinifundisha, "tazama dari. Tena uisifu."

Kitabu alichokishika mama yule siku ile, mwaka 1979, kilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uhariri. Jaladani palikuwa na picha ya birika na jina la Karla Wendt, jina la kubuni. Mwenyewe aliitwa Gesine. Alikuwa ametoroka Mashariki akiwa msichana, amejikunja ndani ya buti la gari, na nyuma aliacha mama yake na kaka yake mdogo. Hakuwaandikia barua hata moja, maana barua zilifunguliwa, na wa kuzilipia wangekuwa wale waliobaki. Kwa jina lake la kweli kitabu kisingevuka forodha. Kwa jina la Karla Wendt, maofisa waliona birika, wakadhani ni mambo ya jikoni, wakakipitisha. Sisi wachache tuliojua tulimwahidi: hatutamwambia mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

"Binti," mama yule aliniita bila kuinua macho. "Hebu njoo usome hapa."

Nikasoma pale alipoweka kidole, ingawa mstari ule niliujua kwa moyo. Mwanamke anapiga magoti mbele ya jiko asubuhi ya baridi, na kabla ya kuwasha kiberiti anayaambia makaa: Haya mabwana, kazini.

Katika muswada nilikuwa nimeandika pembeni mwa mstari huo kwa penseli: ubunifu mzuri.

"Nani anayaita makaa mabwana?" aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa. "Umeshamsikia nani, binti? Maana mimi nina umri huu, sijamsikia mtu mwingine."

Alilitamka lile neno la mwisho polepole. Nikatazama vidole vyake. Katika mikunjo ya ngozi palikuwa na weusi wa vumbi la makaa ambao sabuni ilishashindwa kuuondoa miaka mingi. Ndipo nikaelewa. Kumbe hakuwa akihukumu vitabu vyetu. Alikuwa akimtafuta mtoto wake.

"Alikuwa akiandika hata kwenye karatasi za kufungia nyama," alisema. "Nikajua ipo siku atatoka kitabuni. Sikujua kwa jina gani."

Nyuma yake alisimama mwanamume wa koti la kijivu aliyekuwa akipekua kitabu cha upishi tangu asubuhi, na sote bandani tulijua analipwa na serikali ya kule kusikiliza. Nilikuwa nimeahidi. Na mama huyu alikuwa akinitazama machoni.

Dokta Vollrath, aliyetuapisha sote, akaacha kikombe chake cha kahawa akaja. Alikuwa mtu mkavu, mwenye tai iliyobana, nami nilijiandaa kumsikia akimfukuza kwa adabu. Badala yake alipaza sauti, ile sauti yake ya kuuzia vitabu.

"Naona mama amevutiwa na Karla Wendt! Ni wajibu wetu kumfahamisha msomaji. Uliza chochote, mama."

Mama alimtazama yeye, akatupa jicho kwa lile koti la kijivu, akaelewa.

"Huyu mwandishi," alisema, "ni mzima?"

"Mzima kabisa. Zamani kifua kilimsumbua, siku hizi hapana."

"Anakula?"

"Kupita kiasi! Akija kwetu chakula cha mchana, mhasibu analia."

"Ana watu wake?"

"Mume, fundi saa, mtu mpole. Na binti mmoja. Amempa jina la bibi yake."

"Bibi wa upande upi?"

"Wa upande wa mama."

Mtu wa koti la kijivu akapiga miayo, akapindua ukurasa wa supu. Mama alishika ukingo wa rafu, akainamisha kichwa.

"Basi ni mwandishi mzuri," alisema hatimaye. "Nitamsoma."

"Mama," Dokta Vollrath akamwambia, safari hii kwa kunong'ona, "dari ya ukumbi huu ni nzuri sana. Wafanyakazi wangu wote wanapenda kuitazama."

Mama akatabasamu; kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Nakushukuru, bwana. Lakini nina mtoto mwingine upande huu, naye ni mwalimu. Nikikamatwa nacho, atalipa yeye."

Akasoma palepale, siku ile na zote zilizobaki za maonyesho. Sijui nani aliwaambia watu nini, mimi sikusema neno. Lakini wanafunzi walikaa sakafuni kumzunguka, migongo yao imemwelekea, na mtu wa koti la kijivu hakupata pa kupenya. Mzee mmoja alikunja koti lake akamwekea la kukalia. Na katika ukumbi ule ambamo vitabu viliyeyuka kama barafu, kitabu kile kila asubuhi kilikuwa mahali pake, kikimngoja. Hakuna aliyekigusa.

Alimaliza mchana wa siku ya mwisho. Akakifunga, akakipangusa jalada kwa mkono wa sweta, akanikabidhi.

"Kizuri," alisema. "Ila mwisho ameuharakisha. Binti anaondoka, na mama tunamwacha mlangoni kama sanamu. Mtu habaki mlangoni. Jikoni kuna chakula." Akavaa glavu zake. "Yule mama alirudi ndani akala. Akala sahani zote mbili, yake na ya binti. Mwandishi asimwonee huruma namna ile."

Akaenda zake. Hakugeuka.

Nilimpelekea Gesine maneno yale kwa mdomo, tukitembea kando ya mto Main, kwetu Frankfurt. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akasimama, akaegemea ukuta wa daraja, akasema, "Sahani zote mbili," na kwa muda mrefu sikujua kama anacheka au analia.

Toleo la pili lilitoka na mwisho mwingine. Mwanamke anafunga mlango, anaketi, anakula mpaka anamaliza. Gazeti moja kubwa liliusifu, likaandika kwamba hapo unaonekana mkono wa mhariri mwenye sikio.

"Laiti wangejua mhariri huyo anaishi wapi," Dokta Vollrath alisema.

Miaka mitatu baadaye mama alifikia umri wa pensheni, umri ambao serikali ya kule iliwaruhusu watu kuja kutembelea jamaa. Gesine aliniomba niende naye stesheni kumpokea. Nikakataa: saa ile ilikuwa yao wawili. Mchana kutwa nilikaa ofisini na muswada mbele yangu, nisisome hata mstari. Dokta Vollrath alipita kwenye korido, akaniona, akaufunga mlango wangu taratibu.